Injini ya Watu Wawili

Saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma cha karakana, mlango umekomewa kwa ndani.

Mkaa alichora mpango kwa chaki sakafuni. Duka la sonara linatazamana na gati. Mchana sonara hubaki peke yake. Watu watatu waingie, watoke na sanduku la chuma, wapande boti, wavuke ng'ambo.

"Injini ipi?" Fundi akauliza.

"Ya nguvu za farasi nane."

Fundi akacheka. Akamweleza kama anavyowaeleza wateja wake: wanaume watatu na sanduku lile, nane itaikokota boti kama mgonjwa, pua juu, nyuma imezama. Boti ya polisi itawakuta hata hawajafika mbali. Achukue kumi na tano, ile pale ukutani.

"Ile ina kelele. Funga nane."

Mkaa alikuwa mume wa dada yake, na injini alizijua. Hawezi kukosea jambo jepesi hivi. Fundi akaanza kukaza parafujo, akipiga hesabu upya, mara mkono ukasita. Nane inatosha. Inawatosha watu wawili.

Akamtupia jicho Bubu, mwenzao wa tatu, aliyekuwa akinywa chai pembeni bila habari. Maskini. Roho ikamuuma, lakini akaendelea kukaza parafujo. Angefanyaje? Shemeji ni shemeji.

Saa saba mchana. Sonara alifungwa mikono bila kuguswa zaidi. Sanduku lilikuwa zito kuliko walivyodhani. Walilibeba wote watatu, wakihema, hadi ngazi za gati. Bubu akatangulia botini kulipokea. Mkaa akafuata, akaketi nyuma kwenye injini, akaiwasha.

Fundi akafungua kamba. Alikuwa akimwaza Bubu. Atashushwa vipi sasa?

"Sukuma, shemeji," Mkaa akasema taratibu.

Akasukuma. Alipoinua mguu aingie, chini yake palikuwa na maji matupu.

"Shemeji?"

"Bubu ndiye anayemjua mnunuzi." Mkaa hakuwa na hasira hata kidogo. "Dada yako nitamtunza."

Bubu alitazama pembeni. Injini ikanguruma.

Polisi walimkuta Fundi ameketi kwenye ngazi, suruali imelowa hadi magotini. Askari mmoja akamuuliza wenzake wameelekea wapi.

"Boti yenu ina farasi ngapi?"

"Ishirini na tano."

Fundi akanyoosha kidole kuelekea ng'ambo.

"Basi mtawapata. Yule wa nyuma msimpige, afande. Ni shemeji yangu."