Karata ya Devota

Rafiki yangu Dastan, mfanya mazingaombwe wa Uyole, alinisimulia haya kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya viazi.

Alikuwa amebuni karata zake mwenyewe, na kwenye Malkia wa Kopa aliweka sura ya mkewe Devota, msaidizi wake jukwaani. Devota alikuwa hachomoi karata mpaka alambe kidole gumba. Dastan alimgombeza miaka yote.

Karata zikiwa bado kwa mchapaji, Devota alifariki, tukamzika kwao Nyololo. Dastan hakulia, na akarudi Uyole kuishi peke yake.

Karata zilipokuwa tayari, akazifuata kwa mchapaji, Ruwaida.

"Pole sana, kaka. Zilitoka kwenye mashine zikafungwa nailoni. Hakuna aliyezigusa."

Jioni ukungu ulishuka, umeme ukakatika. Dastan akachana nailoni, akazitandaza mezani kifudifudi, gizani, ili kuzoeza vidole. Kisha akaenda kufunga dirisha. Nyuma yake akasikia karata moja ikichomolewa, taratibu.

"Devota, utazilowesha," akasema kwa mazoea, bila kugeuka.

Umeme uliporudi, Malkia wa Kopa peke yake alikuwa ametazama juu. Kwenye kona palikuwa na alama ya kidole gumba, haijakauka.