Rangi za Idi Ukutani kwa Rugaya

Jumapili asubuhi mtaa mzima wa Bo-Kaap, mjini Cape Town, hunukia koesista, yale maandazi ya viungo yaliyochovywa kwenye shira. Rugaya alikuwa akiyapanga kwenye sinia, lakini jicho lake lilikuwa ukutani. Unyevu ulikuwa umepanda tena hadi dirishani, na plasta ilikuwa ikimomonyoka.

"Tuiuze tu nyumba hii," alisema Gasant, mumewe. "Yule mwenye maghorofa anayetaka kuinunua kasema ukuta umeoza. Atabomoa, ajenge."

"Basi na mimi anibomoe humohumo." Rugaya alizaliwa katika chumba hicho. Moyo ulimuuma.

"Sasa nifanye nini, mke wangu? Kila Idi naipaka rangi mpya. Tena ile nzuri, isiyopitisha maji."

Jirani yao Latiefa aliingia kufuata koesista zake. Kazi yake ni kutunza majengo ya kale. Aliposikia hayo akacheka.

"Shemeji, umeipenda nyumba mpaka umeiziba pumzi."

Alichukua kisu, akakwangua. Rangi ikabanduka, nene kama soli ya kiatu: kijani, njano, buluu, waridi.

"Hiyo ya waridi ni ya mwaka tuliooana," alisema Rugaya taratibu.

"Kuta hizi ni mawe na udongo, juu yake chokaa," Latiefa alieleza. "Zinanyonya mvua, kisha jua linazikausha. Rangi ya plastiki inayazuia maji yasitoke. Yanabaki ndani, yanakula ukuta. Saruji nayo ni vilevile."

"Kwa hiyo haujaoza?" aliuliza Rugaya.

"Hata kidogo. Kwangueni rangi yote. Uacheni ukauke kiangazi chote. Pigeni plasta ya chokaa na mchanga, kisha mpake chokaa iliyotiwa rangi. Na huyo bwana mwambieni nyumba za kale hazibomolewi bila kibali."

Gasant akashika kichwa. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

"Tena nguo yenyewe ya Idi," Rugaya alimtania.

Kiangazi kilipoanza walikwangua. Gasant alinung'unika, ndevu nyeupe kwa vumbi, lakini hakuacha. Ukuta ulipokauka, mwisho wa kiangazi, walipiga plasta, wakapaka chokaa. Rangi alichagua Rugaya: waridi.

Mvua za majira ya baridi zikaja. Ukuta ulilowa, jua likatoka, ukakauka. Rugaya alifurahi hata akawa anaupapasa kila akipita.

Siku ya Idi yule mwenye maghorofa alibisha hodi. Gasant alimshika mkono, akauweka ukutani.

"Mkavu," mgeni alikiri.

"Hatuuzi," alisema Gasant. "Lakini karibu ndani. Koesista zipo."