Kivuli Kilichopigana kwa Mkono wa Kushoto

Jumamosi ile duka la vifaa vya elektroniki lilifurika hadi mlangoni. Kila runinga ukutani ilikuwa na kelele zake, na watu walikuwa wakisukumana kwenye kaunta ya chaja na visikizio. Katikati ya rabsha hiyo, mbele ya runinga kubwa kuliko zote, kijana mrefu mwenye shati la bluu la duka alikuwa akipigana na hewa.

Binti mmoja aliyefuata chaja tu alisimama akamtazama. Nywele kazisuka mistari, gauni la njano limemkaa utadhani alizaliwa nalo, na usoni ana ule uchovu wa mtu asiyelala vizuri.

"Kaka, unaumwa?"

"Nipo kazini, dada." Kijana hakusimama. Akainama, akapiga kulia, akaruka nyuma.

"Kazi gani hiyo ya kumpiga mtu asiyekuwepo?"

"Yupo. Tazama kwenye kioo."

Kwenye kioo bondia mmoja alikuwa akifanya kila alichofanya kijana, na bondia mwingine akizipokea zile ngumi.

"Hapa hakuna kubonyeza vitufe," kijana akaeleza huku anahema. "Unashika hivi vishikio viwili, unapiga kwa mkono wako mwenyewe, kamera ile pale inakuona. Ukizembea, unakula ngumi."

"Watu wazima na akili zenu!"

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Napokea simu za malalamiko. Maji yakikatika mjini, mimi ndiye ninayetukanwa."

"Na unawajibu nini?"

"Samahani mteja wetu."

"Siku nzima?"

"Siku nzima, kaka."

Kijana akamwekea vishikio mikononi. "Basi leo njoo uwajibu vingine."

Ngumi ya kwanza aliirusha kwa aibu. Ya pili akamkumbuka mzee aliyemwita mpumbavu jana yake kwenye simu. Ya tatu ilimtoka tumboni kabisa, na bondia wa kwenye kioo akapepesuka. Wanunuzi wakageuka. Binti alipiga, akakwepa, akapiga tena, viatu kavivua hajui saa ngapi, jasho likamtiririka shingoni, na mwisho akajikuta anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mchezo ukauliza jina la mshindi. Kijana akaandika SAMAHANI.

"Na wewe unaitwa nani humo?"

"Kocha."

Binti akaondoka na boksi la mchezo kwapani. Chaja aliisahau.

Wapo wanaosema michezo ya video ni ya wavivu. Hawajawahi kushika huu. Huu haukuruhusu kukaa, wala haukuruhusu kuwaza mambo mengine, maana ukiwaza mambo mengine unaangushwa. Hasira ambazo Samahani alikuwa akilala nazo kitanda kimoja sasa aliziacha sebuleni, akaoga, akaenda kazini mwepesi. Maumivu ya shingo aliyoyapata kwenye kiti cha kazi yakaondoka bila kuaga.

Yeye aliingia kazini mchana na kutoka usiku, Kocha alishinda dukani kuanzia asubuhi. Kukutana ilikuwa shida, ila mchezo ulikuwa na dawa yake: ulihifadhi kimo cha mtu na namna anavyopigana, na rafiki yake angeweza kupigana na kivuli chake wakati mwenyewe hayupo. Kocha akirudi nyumbani alipigana na kivuli cha Samahani. Samahani akiamka alipigana na kivuli cha Kocha. Wakapendana hivyo, kwa ngumi na kwa simu.

"Mpenzi, jana umeniumiza mbavu."

"Pole baba. Nije nikukande?"

"Njoo. Ila uje bila ngumi."

Kivuli cha Kocha, Samahani alikijua kuliko alivyoyajua magauni yake. Kilikuwa kirefu, kilianza na mbili za kushoto za kutania, kisha ile ya kulia nzito. Akaanza kuwaza ndoa. Ndiyo maana siku moja, mezani mgahawani, akaona amwambie mapema.

"Baba yangu alilala kitandani miaka mingi. Nilimwosha, nilimlisha, nilimgeuza. Ujana wangu wote uliishia chumba kile. Alipofariki niliapa, Kocha. Nyumba nitakayoolewa isinuke dawa."

Kocha akameza chai iliyokuwa bado ya moto. "Nimekuelewa," akasema, akaita mhudumu alete bili.

Wiki iliyofuata kivuli kikabadilika.

Asubuhi hiyo Samahani aliwasha mchezo, na aliyesimama mbele yake kwa jina la Kocha alikuwa mfupi kwa kichwa kizima. Mkono wa kulia ulining'inia tu. Ngumi zote zilitoka kushoto, polepole, na kila mara kabla ya kupiga kiuno kiliyumba kwanza. Raundi ilipoisha kivuli kiliinua mkono wa kushoto kikajigusa kichwani, kama mtu anayerudisha kitambaa kilichoteleza.

Samahani alibaki kasimama, vishikio mkononi. Mwanaume gani anajirekebisha kitambaa?

Kesho yake kivuli kilikuwa kilekile, na keshokutwa pia. Usiku alipotoka kazini akashindwa kuvumilia, akapiga simu.

"Kocha, jana ulicheza?"

"Nilicheza kidogo, mpenzi."

"Kwa mkono gani?"

"Yote miwili. Mbona unauliza hivyo?"

Nyuma yake sauti ya kike ikaita, ya kuburuza maneno, kama ya mtu anayedeka: "Uko wapi bwana? Njoo unifunge!"

"Nani huyo?"

"Nani? Aah... ni runinga."

"Runinga yako inataka kufungwa?"

"Samahani, sikiliza..."

"Usiniite hilo jina!"

Akakata simu na kumfungia namba. Kisha akawasha mchezo, na jamani, alichokifanya humo ndani ni aibu kusimulia. Alimpiga yule mwanamke mbavuni, akampiga kidevuni, akampiga hata alipokuwa anainuka. Jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. Kivuli kilianguka, kikasimama, kikajirekebisha kitambaa, kikaja tena.

"Huyu mwanamke hana haya!" Samahani akapiga kelele, na sauti ikamkatikia katikati, akakaa sakafuni akalia. Alimpenda yule kijana, na alikuwa na hakika amempoteza.

Alhamisi mchana alikuwa kwenye kiti chake kazini, visikizio masikioni, msimamizi akipita nyuma ya viti kama kawaida yake. Sheria ya pale ni moja na haina huruma: mpokeaji hakati simu. Anayekata ni mteja.

"Huduma kwa wateja, habari za mchana. Nikusaidie nini?"

"Nina malalamiko."

Sauti ile aliijua. Kocha alikuwa amepiga namba ile tangu asubuhi, akiangukia kwa wapokeaji wengine na kuwaambia amekosea, mpaka akaipata sauti aliyoitaka. Mkono wa Samahani ukakimbilia kitufe cha kukata. Msimamizi akasimama nyuma yake.

"Samahani mteja wetu," akasema huku meno kayabana. "Malalamiko yanahusu nini?"

"Nimefungiwa huduma bila taarifa."

"Huenda ulikiuka masharti."

"Nilikiuka. Nilidanganya."

"Kumbukumbu zetu zinaonyesha kuna mtu mwingine anatumia huduma yako."

"Ni kweli yupo."

Samahani akafumba macho. Afadhali angeambiwa hayupo, hata kama ni uongo.

"Ni mama yangu," Kocha akasema. "Kiharusi kilimchukua upande wa kulia, na ulimi wake ni mzito. Mazoezi ya hospitali alikuwa hayataki, anasema yanamkumbusha ugonjwa. Siku moja kaniona napigana na kivuli chako, akasema nipe na mimi. Mkono wa kulia haushiki, kwa hiyo namfunga kishikio kwa kitambaa. Tangu hapo akiamka anauliza kama yule binti amekuja. Na anasimama, mpenzi. Mama alikuwa hasimami."

Msimamizi akainama. "Kuna tatizo?" Samahani akatikisa kichwa.

"Kwa nini hukutoa taarifa mapema, mteja?"

"Uliapa mbele yangu. Niliogopa utaondoka."

Na hapo binti akakumbuka ngumi alizopiga wiki ile, moja baada ya nyingine, zote zimehifadhiwa kwenye kivuli chake. "Mteja... kwa hiyo huyo mama... amekuwa akipigwa?"

"Sana. Hasa siku hizi za karibuni."

"Samahani," akanong'ona. Kwenye kiti kile alilisema neno hilo kila siku ya Mungu, na siku hiyo alilimaanisha. Akapangusa macho. "Malalamiko yako yamepokelewa. Yatafanyiwa kazi."

"Lini?"

"Mteja, unaweza kukata simu sasa."

"Kata wewe."

"Sisi haturuhusiwi."

"Basi na mimi sikati."

Walibaki hivyo wakisikilizana pumzi, mpaka msimamizi akakohoa na Kocha akamhurumia, akakata.

Siku yake ya mapumziko Samahani alivaa, akavua, akavaa tena. Hasira ilikuwa imekwisha, na mahali pake paliingia hofu, ile ya zamani, anayoijua kwa jina. Akikaa atampoteza mtu anayempenda. Akienda, je, akirudishwa kwenye chumba kile cha baba? Njiani kwenda kwa Kocha aligeuka kurudi, kisha akageuka tena.

Mlango ulipofunguliwa harufu ya dawa ya kuchua ikamlaki, ileile ya chumba cha baba. Viti vilisukumwa ukutani. Katikati ya sebule, kitambaa cha kijani kichwani, mama alisimama akiegemea kiti, kishikio kimefungwa mkono wa kulia, kingine kakishika kushoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayenipiga?"

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Hizi siku za karibuni unapiga kama mwenye kesi na mimi."

"Nilidhani wewe ni... nilidhani Kocha ana mwanamke."

Mama akamtazama juu mpaka chini, mdomo wake uliopinda ukaanza kucheka kabla yake. "Mimi? Kwa kiuno hiki? Ahsante mwanangu, tangu niugue hakuna aliyenisifu hivyo."

Kocha akamvuta Samahani jikoni.

"Nataka kukuoa. Nilitaka kusema zamani, ila sikutaka kukuoa huku nimemficha mama. Sasa umemwona. Sema lolote, nitapokea."

"Naogopa, mpenzi." Machozi yakamjaa. "Nakupenda, na naogopa. Sijui kama nitaweza tena."

"Nasikia mnavyonijadili!" mama akaita kutoka sebuleni. Wakatoka. Mama alikuwa bado amesimama, jasho likimtoka kwenye paji la uso kwa ile kazi ya kusimama. Aliyatoa maneno moja moja, kwa taabu.

"Binti, mimi sijakuomba uniogeshe. Anayeniogesha yupo, analipwa, na ana mikono laini kuliko yenu. Nimekuomba unipige."

"Nitakupiga taratibu, mama."

"Ukinipiga taratibu ondoka. Wa kunihurumia wamejaa mtaa mzima."

Samahani akavua viatu. Kocha akampa vishikio vingine, akarudi nyuma mpaka ukutani, na kengele ya mchezo ikalia. Mwanzo mikono ilimwia mizito, kila ngumi aliipima kwanza. Mama akamchapa moja ya shavu, kiuno kikiyumba, akachapa nyingine. Binti akakasirika, akajibu. Bondia wa mama akayumba, na mama mwenyewe akapiga kelele ya furaha ambayo Samahani hakuwahi kuisikia katika nyumba yenye mgonjwa. Ile hofu haikuondoka. Ilikuwa bado ipo kifuani, naye alikuwa anapigana hivyohivyo.

Akageuza kichwa. "Kocha!"

"Naam?"

"Ndiyo. Bado naogopa, lakini ndiyo, nioe..."

Ngumi ya kushoto ikamkuta hapohapo. Kwenye kioo bondia wake akaenda chini kama gunia, na runinga ikaanza kuhesabu.

"Ukiwa ulingoni," mama akasema, anahema, anarudisha kitambaa chake, "usigeuke kuangalia wanaume. Inuka, mkwe wangu."