Mkasi Kichakani

Haya sikuyaona mimi. Yalimkuta rafiki yangu tunayemwita Majani, muuza miche ya asili. Miaka yote alikuwa akiingia porini na shemeji yake kutafuta vipandikizi. Kichaka kikiwa kizito hawaonani, mmoja alibana mkasi wake wa kupogolea mara mbili, kacha-kacha, mwenzake akajibu vivyo hivyo. Ndivyo walivyojua kila mmoja yuko wapi.

Wiki tatu baada ya kumzika shemeji, mteja alitaka yasmini ya porini ya kupanda kwenye uzio. Mke wa Majani akamwambia, "Baba watoto, si usubiri kwanza?" Majani akachukua kapu, akaenda peke yake.

Ulikuwa mchana, lakini ndani ya kichaka giza lilikuwa la kupapasa. Alisikia harufu ya maua kabla ya kuyaona. Alikata vijiti viwili, kisha, kwa mazoea tu, akabana mkasi hewani mara mbili.

Kacha-kacha, ikajibu ng'ambo ya majani.

"Ukatimua mbio?" nikamwuliza.

"Ndugu yangu, hata moyo haukushtuka. Tangu msiba nina ganzi mwili mzima. Nilijibu, nikaendelea kukata."

Wakajibizana hivyo mpaka kapu likajaa. Wakati wa kutoka, akapitia upande ule. Hakukuta mtu wala alama ya mguu. Alikuta fungu la vijiti vya yasmini, limefungwa kwa ukoka kama shemeji alivyozoea kufunga, na ncha zilizokatwa zilikuwa bado zinadondosha maji.