Baba Wawili wa Chiriku

Asubuhi ile baba aliita mara mbili, na mara zote mbili alikuwa amelala.

Mama alisikia vizuri. Alikuwa amesimama mbele ya jiko dogo la gesi, lililobanwa kati ya sinki na mlango wa gari-nyumba, akisubiri maji ya chai yachemke. "Chiriku!" ilisema sauti ya mumewe kutoka nje, nzito na ya haraka, sauti ya mtu asiyezoea kurudia. Kisha tena, "Chiriku!" Mama akageuka. Mumewe alikuwa palepale, kwenye kitanda cha kukunja nyuma ya gari, chali, mdomo wazi, anakoroma.

Binti yao wa miaka tisa alikuwa ameshavaa kiatu kimoja.

"Unakwenda wapi?"

"Baba ananiita."

"Baba si huyo hapo?"

Chiriku akamtazama baba, akautazama mlango. "Lakini ameniita, mama."

"Vua kiatu."

Walikuwa siku ya tatu ya likizo. Gari lilikuwa la kukodi: vitanda vitatu, meza inayogeuka kitanda, tangi la maji, na choo ambacho ukikaa magoti yanagusa mlango. Walikuwa wameizunguka nusu ya wilaya wakipita mashamba ya alizeti, bwawa na msitu wa misonobari, hadi jana mchana walipoegesha kwenye kambi hii, chini ya kilima cha mawe meusi.

Sasa, nyumba ya watu hawa ilikuwa na sheria moja. Baba akiita, unakwenda. Huulizi kuna nini, husemi nakuja, humalizi hata mstari uliokuwa unausoma. Baba alikuwa mkaguzi wa majengo. Kazini akisema ukuta ubomolewe, unabomolewa, na nyumbani alitaka mambo yaende vivyo hivyo. Yule mtoto, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko, alikuwa bubu mbele ya baba yake. Wageni walimsifu. "Mtoto ana adabu huyu!" Hakuna hata mgeni mmoja aliyejiuliza adabu hiyo ingemfaa nini siku ambayo anayeita si baba.

Na wala isisemwe kwamba hawakuambiwa. Walipofika, mlinzi wa kambi, mama wa makamo mwenye buti za mpira, aliwaonyesha bomba na mahali pa kutupa taka, kisha akasema:

"Jambo moja tu. Hapa hatuitani. Ukimtaka mwenzio, mfuate, mguse bega, mwambie unachotaka."

Baba akacheka. "Mimi nimfuate mtoto?"

"Ndiyo, bwana mkubwa. Miguu si unayo?"

Mama naye akacheka, kisha akaumeza ule mcheko. "Kwani kuna nini, dada?"

"Kuna mwenyewe kwenye yale mawe. Huamka jua likiwa utosini, na akishaona anachokitaka hata alfajiri halali. Hana sauti yake, anaazima. Tena haazimi ya mnyonge. Anaazima ile ambayo watu wakiisikia wanainuka."

"Ushirikina mtupu," alisema baba. Na kabla jua halijazama alikuwa amemwita mtoto amletee kandambili, amletee simu, amletee maji, amwondolee gilasi, na mara moja, akiwa amesimama kifua mbele akiyatazama mawe, alimwita bila kumtaka chochote, aone tu kama atakuja. Alikuja.

Kwa hiyo asubuhi hii mama alimwamsha mumewe.

"Baba Chiriku, kuna kitu kimemwita mtoto kwa sauti yako."

"Umeota."

"Nilikuwa nachemsha maji. Mtu anaota amesimama?"

"Yule mama wa mabuti amekujaza hofu."

"Tuondoke. Nakuomba."

"Kesho," alisema baba, akageukia ukutani. Hivyo ndivyo kikao kilivyofungwa, bila mjumbe wa pili kupewa nafasi.

Karibu saa sita baba alichukua ndoo akaenda bombani. Mama alikuwa anakunja mashuka, mtoto anachora mezani. Upepo ulikuwa umekatika, ndege wamenyamaza wote kwa pamoja kama darasa lililoingiliwa na mwalimu, na hapo ndipo mama aliposikia harufu ya ile dawa anayojipaka mumewe akishanyoa, ikiingia kwa dirisha la upande wa kilimani, upande ambao mumewe hakuwapo. Mwanzo ilikuwa hafifu kiasi cha kudhani imetoka kwenye mto wa kulalia, kisha ikakolea, ikamjaa puani na kooni hata akahisi mtu mwenye shavu bichi lililotoka kunyolewa amesimama nyuma yake na kumwinamia begani, na alipogeuka kwa nguvu zote alizokuwa nazo hakukuta mtu, alikuta penseli inabingirika mezani na mlango uko wazi.

Alitoka mbio. Chiriku alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kwenda kwenye mawe, peku, akitembea upesi kama mtoto aliyetumwa.

"Chiriku!" Baba, ndoo mkononi, alikuwa ameona. "Rudi hapa!"

"Chiriku!" yakajibu mawe. "Njoo hapa!"

Sauti ileile. Ukali uleule, hata ule mkoromo mdogo kabla ya neno. Ndoo ikamponyoka baba. Hakuwahi kujisikia anavyosikika.

Mtoto akasimama katikati, anageuka huku, anageuka kule. Mama alipopiga hatua kumfuata, mawe yaliita tena, na mtoto akapanda hatua mbili. Mlinzi, aliyekuwa amefika anahema, akamshika mama mkono. "Usimkimbilie. Yataita tena, naye atayatii haraka zaidi."

"Nifanye nini?"

"Huyo mtoto huwa anamuuliza baba yake maswali?"

"Hajawahi."

"Basi aanze leo."

"Chiriku!" mama akapaza sauti. "Muulize! Muulize chochote ambacho baba anakijua!"

Kisha kisauti chembamba, kinachotetemeka kwa utovu wa adabu wa kwanza maishani mwake: "Baba… niko darasa la ngapi?"

Mawe hayakusita. "La nne, mwanangu," yakasema, na ukali wote ulikuwa umeyeyuka. "Unakaa dawati la tatu, upande wa dirisha. Mwenzako wa dawati amehama, ndiyo maana siku hizi wakati wa mapumziko huli, unakaa nyuma ya maktaba."

Hilo la maktaba hata mama hakulijua. Akamgeukia mumewe.

"La…" Baba alikuwa anatokwa jasho. "La tatu. La tatu, siyo?" Na alimtazama mkewe kama mtahiniwa anayetafuta jibu kwa jirani.

Mama akafumba macho. Yameisha, aliwaza. Tumeshindwa.

Juu ya jiwe kubwa kivuli kilikuwa kinarefuka, saa ambayo hata miti ilikuwa imekalia vivuli vyake, kinashuka kwa utaratibu kuelekea nyayo za mtoto, na ile harufu ya shavu lililonyolewa ilitanda njia nzima hata mlinzi akafunika pua kwa khanga, na sauti ikazidi kuwa laini, ikawa sauti ambayo mama alikuwa ameingojea nyumbani kwake miaka tisa: "Njoo, mwanangu. Njoo uniulize mengine. Nimekaa nakusikiliza tangu jana."

Chiriku alikitazama kile kivuli. Kisha akageuka, akateremka, akakimbia, akampita mama, akamgonga baba tumboni na kumkumbatia.

"Huyu ndiye baba," alimwambia mlinzi huku analia. "Baba hajui."

Waliondoka bila kukunja ngazi. Baba aliendesha mpaka nje ya wilaya bila kutoa neno, kwa maana mlinzi alikuwa amemkataza, na nyuma yao sauti yake iliendelea kuita. Haikuamuru tena. Ilikuwa inabembeleza.

Nyumbani baba alibadilika, tumpe haki yake. Alikwenda shuleni, akaketi kwenye dawati la tatu magoti yamegusa kidevu, akauliza majina ya watoto na akayashika. Alijifunza kuongea polepole. Mama alimtazama, akaanza kumsamehe.

Jumamosi moja mchana mama alikuwa kazini. Chiriku alikuwa chumbani kwake anasoma.

"Chiriku, mwanangu," iliita sauti kutoka sebuleni, laini. "Yule rafiki yako mpya amepona mafua? Njoo unisimulie."

Mtoto akaweka kitabu chini.

"Baba, niko darasa la ngapi?"

"La nne. Kwa nini, mama?"

Chiriku akainuka kwa kunyata, akaufunga mlango kwa ufunguo. Upande wa pili mtu alikuja hadi mlangoni, akashusha pumzi, akaketi sakafuni, akaanza kumngoja.