Kuni za Msiba wa Bibi Salu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchota maji, Felisita alimdondoshea bibi yake dawa ya macho. Bibi Salu aliinua uso, akafumbua jicho la kulia, kisha la kushoto, na tone lilipoingia alisema, "Wabeja, asante, mjukuu wangu." Jumamosi ile hakuinua uso. Alikuwa amelala ameutazama ukuta.

"La kulia tu," alisema. "La kushoto limeshakwenda."

Felisita, mwanafunzi wa darasa la sita pale Nkololo, alijua kisa chote. Bibi alikuwa na presha ya macho, dawa yake ilikuwa imekwisha, na kliniki ilikuwa Mwanza. Basi alilopanda na mwanawe, mjomba wa Felisita, liliharibika njiani, mvua ikinyesha. Walipofika, kliniki ilikuwa imefungwa, na daktari wa macho asingerudi hadi wiki iliyofuata. Walimsubiri mjini. Alipowapokea, hakusema kwamba basi ndilo lililolipofusha jicho. Alisema kila siku bila dawa ilimega sehemu ya jicho hilo. Walirudi Ijumaa usiku na dawa mpya, na majirani walikuwa bado hawajamwona Bibi.

Jumamosi hiyo palikuwa na mkutano kwenye uwanja wa shule. Kamati ya wananchi kutoka Bariadi ilikuwa ikizunguka kata kwa kata kukusanya shuhuda, ziambatane na maombi ya treni ya abiria. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Ndaki, alieleza kwamba miji kutoka Mwanza, kupitia Nyashimo, hadi Bariadi inakua na kukaribiana, lakini pamba, wagonjwa na wanafunzi wote wanagombania barabara ileile. Reli ya zamani inapita Malampaka, mbali na wengi wao.

"Hatuombi huruma," alisema. "Tunaomba treni, na tunapeleka ushahidi."

Wachuuzi walisema, wakulima wakasema. Watu walianza kupiga miayo. Mwalimu Kristofa alipomwita Felisita, Mihayo, anayekaa naye dawati moja darasani, alimvuta sketi.

"Utasema nini?"

"Jicho la Bibi."

"Jicho!" Mihayo alicheka chinichini. "Nani atajenga reli kwa sababu ya jicho la bibi kizee? Wewe sema kitu kizito bwana, watu waamke."

Felisita alisimama. Aliona nyuso zilizochoka, akaona mtu anachezea simu. Ulimi wake ukatangulia.

"Bibi yangu, Salu, alikwenda Mwanza kutibiwa. Basi likaharibika. Akafia njiani."

Simu ikashushwa. Wanawake wakashika vichwa. Wengi walikuwa wamemwona Bibi Salu akipanda basi, na hakuna aliyekuwa amemwona akishuka. Bwana Ndaki aliandika, kisha akasema polepole, "Pole sana, mwanangu. Ushuhuda huu tutauweka wa kwanza."

Mkutano ulipokwisha, Felisita alipitia mashineni kusaga mahindi, kama alivyoagizwa. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi, alisikia kilio kabla hajaiona nyumba.

Wanzengo, yaani majirani wote wanaozikana na kusaidiana, walikuwa wamejaa uani. Kila mwanamke alikuwa ameshusha mzigo wa kuni na bakuli la unga. Wanaume walikuwa wamekwisha kuwasha moto wa msiba. Mama Shida, jirani wa karibu, alikuwa amejifunga kanga kiunoni, akilia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mlango ukafunguka. Bibi Salu alitoka akipapasa ukuta.

"Jamani, nani amekufa?"

Mama Shida alijibu kabla ya kufikiri. "Wewe, Salu."

Mzee mmoja alirudi nyuma hatua kadhaa. Bibi Salu alisimama kidogo, akageuza jicho lake moja huku na huku.

"Basi nipisheni nikae," alisema. "Msiba wangu umepata watu."

Hakuna aliyecheka. Wakati huohuo Bwana Ndaki na Mwalimu Kristofa waliingia, wamekuja kutoa pole. Bwana Ndaki aliposikia jina la mwanamke aliyekaa kando ya moto, alikunja uso.

"Huyu mama yuko hai. Mwanangu, nani alikutuma?"

"Hakuna," Felisita alisema. Mfuko wa unga ulikuwa bado kichwani. "Nilisema uongo. Niliona jicho halitoshi."

"Unajua ulichofanya? Kule tunakopeleka maombi wangeuliza amezikwa wapi. Wangekuta yuko hapa anaota moto. Ushuhuda wa kijiji kizima ungetupwa pamoja na wako."

Bibi Salu aliinua mkono. "Andika wangu. Mimi ninao wa kwangu, na sijafa." Akasimulia yote: dawa iliyokwisha, basi, mvua, mlango wa kliniki uliofungwa. Alirudia hata maneno ya daktari, bila kuyaongezea chumvi. Watu walisogea karibu kusikiliza, hata wale waliopiga miayo mkutanoni. Bwana Ndaki alifuta ushuhuda wa kwanza, akaandika wa pili.

"Treni siwezi kukuahidi, mama," alisema. "Huu nitaupeleka."

"Hata ikija, jicho halirudi," alijibu Bibi.

Adhabu ya Felisita aliitoa Bibi mwenyewe. Felisita alibeba kuni mzigo kwa mzigo, akazirudisha nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni akasema, "Bibi yangu yuko hai. Mimi nilidanganya." Wengine walizipokea. Wengine walifunga mlango. Mihayo alitokea njiani, akajitwika mzigo mmoja.

Mzigo wa Mama Shida ulikuwa wa mwisho. Mama Shida alikataa kuupokea. Macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Nimemlilia mtu aliye hai," alisema. "Siku nikilia tena, nani ataamini?"

Felisita alirudi na mzigo kichwani. Mwalimu Kristofa alikuwa akimsubiri kando ya njia.

"Jicho la bibi yako lilitosha," alimwambia. "Anayedai haki kwa uongo humpa mnyimaji sababu ya kumnyima. Sema kilichotokea, kama kilivyotokea. Kikionekana kidogo, acha kionekane kidogo."

Felisita alizipanga kuni zile nyuma ya jiko. Bibi hakuruhusu zichomwe. Kila asubuhi Felisita, akienda kuchukua chupa ya dawa, alizipita. Kisha alimdondoshea Bibi tone moja, katika jicho la kulia.