Kikombe cha Bibi wa Chamazi

"Mauwa! We Mauwa, uko humo?"

"Shusha sauti, Didas! Unataka wanikute naongea na makuti?"

"Toka basi, tuondoke."

"Nitoke wapi? Mlangoni kakaa Atuganile, na yule akikaa amekaa. Viatu vyangu kavikalia."

Wala sikuwa natania. Jumamosi mchana, jua la Chamazi limetuelemea, wanawake wote wamelala hoi kwa ngoma, mie nimechuchumaa nyuma ya banda nimebandika sikio kwenye ua wa makuti. Upande wa pili ni mchumba wangu. Kati yetu makuti tu, lakini makuti yale yalikuwa gereza.

Mwaka wenyewe sabini na nne. Kila mwezi ukiandama, wanawake wa Temeke, Kinondoni na Magomeni walikuwa wakija Ijumaa kwenye shamba letu la mikorosho, wakakaa mpaka Jumapili. Wauza samaki, wapiga chapa wa maofisini, wake za wakubwa, wote pekupeku. Mwanamume hapiti, na jina lake halitajwi. Wanacheza, wanalia, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wanamjia Bibi, pepo wa kike anayempanda mama yangu, Bi Somoe. Mama ndiye kiti chake. Walisema Bibi ndiye peke yake anayewasikiliza bila kuwauliza wamepika nini.

Haya, kwao ilikuwa raha. Mie je? Kifua cha mama kilikuwa kimeanza kumsumbua, ikasemwa Bibi anataka kiti kipya. Jumapili asubuhi wangenikalisha mie. Na kiti cha Bibi hakiolewi, hakihami shamba, mpaka kifo. Mama alikalishwa mie nikiwa mchanga, na baba yangu, mzee Nassibu, mchonga vinyago, alichoka kugonga ua ule nikiwa natambaa. Akafunga patasi zake, akarudi kwao Newala.

"Majina yetu yamebandikwa bomani tangu mwezi uliopita," Didas akanong'ona. "Jumatatu asubuhi tunafunga ndoa, alasiri lori linatupeleka Handeni. Kijiji kipya kinangoja mwalimu. Ruka ua, Mauwa."

"Na mama?"

Nikasikia akikwaruza makuti kwa kidole.

"Nikiruka leo, kesho soko zima la Temeke litasema Bi Somoe ni mwongo, mwanawe mwenyewe kamkimbia Bibi. Mama ana vitu viwili tu duniani, Didas. Bibi na mie."

"Na mie nina nani?"

Jamani! Hapo alinimaliza. Nikauma ncha ya kanga nisilie kwa sauti.

"Mauwa, mke wangu, sema neno."

"We Mauwa!" Atuganile huyo, mpaza wimbo wetu, kasimama nyuma yangu, mikono kiunoni. "Unaongea na nani?"

"Na kuku."

"Kuku gani anasema 'mke wangu'? Tena kwa lafudhi ya Bukoba!" Akapiga makuti kwa kiganja. "Mwalimu! Nenda zako, baba. Hapa hapiti mwanamume. Hata mume wangu aliyenibebea mkungu wa ndizi aliishia pale kwenye mkorosho."

"Shikamoo, mama," sauti ya Didas ikajibu, imenywea. "Basi na mie nitakaa pale kwenye mkorosho."

"Kaa! Utaota mizizi!"

Nikadhani atanivuta sikio. Badala yake akakaa chini, mwili wake mkubwa wote, akashusha pumzi.

"Mwanangu, mie nyumbani nina mume, wifi wawili na mama mkwe anayeonja mchuzi wangu akautema. Siku hizi mbili ndizo napumua. Bi Somoe akienda bila kuacha kiti, sie tutapumulia wapi?"

"Kwa hiyo mpumue nyie, nizibwe pumzi mie?"

Akanitazama kama nimemzaba kofi. "Yaani weye na mdomo wako!" akasema, lakini taratibu. "Nenda kwa mama yako, anakungoja akuogeshe."

Nilipoinuka nikamwona mama. Alikuwa amesimama kwenye pembe ya banda na ndoo yake, na sijui alisimama pale tangu lini.

Akaniogesha kwa maji ya mrehani.

"Mama," nikaanza, "ulimpenda baba?"

"Geuka nikumwagie."

"Nakuuliza, mama."

"Alikuwa akija pale uani, ananiita. Mie nimo ndani, nimekaa." Akachota maji, akayamwaga mgongoni kwangu. "Siku moja hakuita tena. Ndiyo hivyo."

"Ungetoka?"

"Wewe hukuulizwa kabla ya kuzaliwa, na mie sikuulizwa kabla ya kukalishwa." Kata ikagonga ndoo. "Huyo mwalimu wako anaita?"

"Anaita."

"Mpaka sasa?"

"Yuko chini ya mkorosho."

Mama akakohoa, akanipa kanga nyeupe. Nikanyoosha mkono, akanichapa vidole.

"Mkono wa kulia! Mtu mzima unapokea kwa kushoto, nani kakulea wewe?"

Huyo ndiye mama. Kwa mkono wa kushoto alikuwa hakuonei haya hata kama u mgeni wa heshima. Na hiyo ndiyo ilikuwa siri yangu, ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Bibi akipanda, wanawake wote huweka paji la uso mkekani, hakuna anayethubutu kumtazama. Anayebaki macho wazi ni mmoja, mshika kikombe, na tangu nina meno ya utoto mshika kikombe nilikuwa mie. Kikombe cha bati cheupe, anakinywea Bibi tu. Na Bibi, kila mara, miaka yote, alikipokea kwa mkono wa kushoto. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mama yangu hadanganyi watu. Mama niliyemjua angekatwa mkono ule kabla ya kupokea nao kitu.

Na mama mwenyewe alikuwa akisema, kiti akimsingizia Bibi hata neno moja, Bibi hushuka, hapandi tena maisha.

Jumapili ikafika. Ubani ukatanda mpaka macho yakawasha. Ngoma zikalia, Atuganile akapaza wimbo, mie nimekalishwa kwenye kigoda nimefunikwa shuka jeupe. Nikawaza Handeni, nyumba ya mwalimu, mtu ananingoja na viatu vimejaa vumbi. Nikajiambia, basi tena Mauwa, ndiyo maisha yako haya, makuti mbele, makuti nyuma.

Mama akaanza kutetemeka. Ngoma zikanyamaza. Wanawake wote chini, paji la uso mkekani.

"Kikombe!" sauti nzito ikanguruma.

Nikafunua shuka, nikainuka na kikombe, nikapiga magoti mbele yake.

Akanyoosha mkono akakipokea.

Mkono wa kulia.

Nikatazama mkono, nikatazama uso. Macho yalikuwa ya mama yangu, mekundu kwa moshi, yananitazama kavu kabisa. Nikafungua mdomo. Akanibana kidole juu ya kikombe, kwa nguvu, mpaka kikauma.

"Huyu simtaki!" akanguruma.

Mkekani wakaguna. Atuganile, uso chini, akalia: "Bibi, tumekukosea nini?"

"Kichwa chake kimejaa. Kuna mtu kakaa humo. Mie siketi penye mtu!"

"Utaketi kwa nani basi, Bibi wetu? Sie tutakwenda wapi?"

"Popote mtakapokaa pamoja, nipo. Ijumaa njooni, vueni viatu, mpumue. Kiti sitaki tena. Mtoto aende!"

Akanywa, akaanguka. Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wanalia. Mie nimebaki na kikombe kitupu mkononi, nalia. Walidhani nimelia kwa furaha. Nililia kwa sababu nilijua alichokitoa. Miaka ishirini ya maisha yake, ameitupa kwa maneno mawili.

Atuganile akaniletea viatu, kavifuta kwa kanga yake.

"Haya, vaa. Kuku wako bado yuko mkoroshoni, hajala tangu jana."

Nilikimbia, wee! Didas akainuka, majani yamemganda mgongoni.

"Wamekuruhusu?"

"Bibi kanikataa."

"Kakukataa?" Akacheka, akanikumbatia mbele ya wanawake wote. "Basi mie nimekukubali!"

Jumatatu asubuhi tukafunga ndoa bomani. Kabla ya lori tukapita shambani kumuaga mama. Atuganile naye alikuwepo, kaja na chapati.

"Shikamoo, mama," Didas akasema, kainama.

"Marahaba, baba. Karibu ukae. Mauwa, mpe mumeo chai."

Nikageuka kuchukua gilasi. Mama akanisogezea kikombe cha bati cheupe.

Atuganile akafungua mdomo, akaufunga, akatafuna chapati yake.

"Mama," nikanong'ona, "hicho si cha..."

"Kikombe ni kikombe. Chai inapoa."

Didas akanywa, masikini, hajui kitu, akasifu tangawizi. Tukatoka mie na mama mpaka kizingitini. Kwa mbali lori likapiga honi.

"Mama, jana. Mkono wako..."

Akanitazama vilevile alivyonitazama kwenye moshi.

"Nilipokea kwa mkono gani?"

"Wa kulia, mama."

"Ndivyo nilivyokufunza," akasema, akanifungia vizuri kanga yangu kifuani. "Sasa nenda. Mwenzio anakuita."